Kisanduku Chekundu

Alipanda na masanduku kumi na moja,
nami niliyahesabu kwa mgongo.
Kofia zina lao, glavu zina lao,
na lile dogo jekundu, lenye kufuli,
alilipakata mwenyewe kama mwana asiyeachishwa ziwa.

Liverpool ilikuwa ikinyesha. Gatini
watu wa daraja la chini walisimama na magodoro yao
wakingoja daktari awafunue kope.
Bibi Ormerod akapita mlango mwingine.
Zulia likampokea, bendi ikampokea,
nahodha akauinamia mkono wake
kama anayesoma maandishi madogo.

Usiku ule: supu ya kasa, paja la kondoo,
na barafu iliyochongwa umbo la bata-maji,
ikidondoka tone tone juu ya zabibu.
Bwana Crewdson, tajiri wa pamba,
alisema stima zimekwisha kuishinda Atlantiki,
bahari sasa ni barabara tu.
Akainua glasi.
Bahari ilisikia.

Siku ya pili, Ireland ikiwa nyuma yetu,
tukafunga vizuizi vya mbao mezani, sahani zisitembee.
Siku ya tatu hapakuwa na mlaji.
Kengele zikalia ukumbi mzima:
kumi na nne, kumi na sita, ishirini na mbili,
na mimi ni mmoja,
na mabeseni ni manne.

Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha.
Nilimwona Bwana Crewdson akimwita mama yake.
Nilimwona kasisi akimtukana nahodha,
na korseti ya hariri imetupwa sakafuni
kama gamba la kambamti.
Mawimbi hayakuuliza bei ya tiketi.
Kutoka chini, karibu na injini, niliwasikia
wale wa magodoro nao wakitapika.
Hapakuhitajika mkalimani.

Chumba cha ishirini na mbili. "Funga mlango,"
alisema, na maneno yakatoka laini kama uji.
Kisanduku kiko wazi. Kumbe si almasi.
Meno ya juu, meno ya chini,
kauri na dhahabu, yamelala juu ya mahameli.

"Mume wangu hajui. Mwaka wa tisa huu, hajui."

Nilimshika paji la uso siku nne.
Nilimlisha biskuti iliyolowekwa kwenye brandi.
Usiku mmoja akaniuliza jina. Keziah, nikasema.
Akanipa lake, la kabla ya Ormerod:
Tibby Sugden, mtoto wa kiwandani, Halifax,
aliyeng'olewa yote siku moja
juu ya kiti cha jikoni.
"Kwetu jino lilikuwa la kung'oa, si la kutibu."
"Hata kwetu," nikasema, nikamwonyesha mapengo.
Tukacheka, taa ikiyumba,
kicheko cha watu wawili na meno machache.

Kisha maji yakatulia. New York ikajitokeza
na korseti zikarudi vifuani.
Bwana Crewdson alikiri kwamba upepo
ulikuwa, tuseme, umechangamka.
Bibi Ormerod akanipita mlangoni, shela usoni,
bila neno. Hata kwaheri.
Juu ya meza, nusu pauni ya dhahabu.
Ndivyo walivyo, nikasema moyoni,
nikavuta shuka kwa hasira.

Meno yakadondoka kutoka chini ya mto.

Nilikimbia ngazi tatu, aproni ikipepea.
Mumewe alikuwa amemshika kiwiko, akimuuliza
habari za safari, na yeye anaitikia kwa kichwa,
anaitikia tu,
kisanduku kitupu kifuani, kimefungwa kwa kufuli.

"Leso yako, bibi. Umeisahau."

Akaipokea. Akageukia rundo la masanduku, akakohoa
muda mrefu kidogo kuliko kikohozi.
"Safari ilikuwa shwari," akasema,
kila herufi na ncha yake.

Hakunitazama.
Lakini chini ya gauni lile la yadi ishirini
kiatu chake kilitafuta changu, kikakikanyaga
polepole, kama wafanyavyo watoto kanisani.